Chungu cha Wakorea na Aibu Yangu

Nataka kusema juu ya mchuzi mmoja wa Wakorea, uitwao doenjang jjigae, na juu ya aibu iliyonipata kwa ajili yake.

Mchuzi huu hupikwa kwa doenjang, yaani rojo nzito ya soya iliyochachuka. Sisi huku Kivu soya twaijua, maana twaisaga na kuwapikia watoto uji. Wakorea huichemsha mpaka ilainike, wakaiponda, wakaifinyanga kama matofali, wakayafunga kwa mabua makavu ya mpunga na kuyatundika wiki nyingi. Katika mabua hayo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo viichachushavyo soya. Kisha matofali hutiwa katika mitungi ya udongo yenye maji ya chumvi. Baada ya kama miezi miwili maji meusi hutengwa kuwa kiungo cha mchuzi, na yale mazito yaliyobaki ndiyo doenjang. Hukaa mtungini tena miezi mingi, hata miaka. Harufu yake ni kali, wala sitaficha.

Muhula uliopita mtawa mmoja Mkorea, mgeni wa misheni, alituita wanafunzi sita jikoni kwake. Alibandika chungu chenye maji aliyooshea mchele. Kwao hutia dagaa wakavu. Yeye alitia sambaza wa ziwa letu, baada ya kuwatoa vichwa na matumbo ili mchuzi usiwe mchungu. Akawaopoa, akakoroga vijiko viwili vya doenjang, akatia viazi, vitunguu, kitunguu saumu na boga changa. Mwisho akatia pilipili na vipande vya jibini ya soya. Chungu kikaletwa mezani kingali chatokota, tukala kwa wali.

Mwanzoni tulishika pua. Yeye akacheka, akatuambia kwamba alipokuwa akisoma Ulaya majirani walimlalamikia harufu hiyo, hata akaacha kupika chakula cha kwao, akawa akila mkate mkavu peke yake. Tulipoonja, pua zikanyamaza. Tulikikomba chungu, tukamsifu sana.

Njiani kurudi bwenini nilikumbuka jambo, na moyo ukanichoma. Mwanzo wa mwaka, kijana mmoja mgeni alikuja na chikwange, mkate wa muhogo uliolowekwa, ambao mama yake aliufunga kwa majani. Bweni zima lilicheka harufu yake. Nami, niliye mkubwa wa bweni, nilimwamuru akautupe shimoni. Akautupa mbele yangu.

Basi nauliza: harufu ya muhogo yazidi ile ya soya? Haizidi hata kidogo. Tofauti ni kwamba soya ile ilikuja kwa ndege pamoja na mtu tunayemheshimu, na muhogo ulikuja mgongoni mwa mama wa kijijini. Hatukupima chakula, tulimpima aliyekileta.

Wengine watasema kwamba shuleni twafundishwa usafi. Ni kweli, na chakula kilichooza kitupwe. Lakini kuoza ni kitu kimoja na kuchachuka ni kitu kingine. Muhogo mchungu una sumu, na kuuloweka siku kadha ndiko kunakoipunguza hata ulike. Nani aligundua jambo hilo? Si mwalimu wetu wa kemia, ni bibi zetu. Huko Afrika ya Magharibi kina mama huchachusha mbegu za miti kuwa kiungo cha mchuzi, na vijidudu vifanyavyo kazi humo ni vya jamii ile ile ya soya ya Wakorea. Wakorea hawakuionea haya mitungi yao, na mwezi wa Desemba 2024 UNESCO iliandika ujuzi wao huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ujuzi wa mama zetu utaandikwa na nani, ikiwa sisi wana wao twautupa shimoni?

Kwa hiyo natoa shauri. Siku ya wazazi, kila atakaye alete chakula cha kwao, kiwekwe mezani wazi, na mwenyewe atueleze jinsi kinavyotengenezwa. Nanyi mliotutangulia, mkija kututembelea, msituletee biskuti tu.

Nilikwenda kwa kijana yule kumwomba radhi. Alinitazama, akasema kwamba likizoni mama yake alimwuliza kama wenzake waliupenda mkate. Alimjibu kwamba tuliumaliza wote. Mama alifurahi, akaahidi kuleta mingine mikubwa zaidi.

Itakapofika, mimi nitakuwa wa kwanza kunawa mikono.