Dola 5 za Ford hazikuwa zawadi

Kila mwajiri anapoleta mashine mpya tunaambiwa maneno yale yale: mashine itaongeza mali, na mali ikiongezeka mshahara nao utapanda wenyewe. Mfano unaotolewa mara nyingi ni wa Marekani, wa Henry Ford, ambaye inasemekana aliwaonea huruma watu wake akawapa dola 5 kwa siku. Sisi twaona ni vema habari hii ielezwe yote, maana nusu yake huachwa.

Ford alianza kuuza motokaa yake iitwayo Model T mwaka 1908, na mwaka 1910 akahamia kiwanda kikubwa cha Highland Park, karibu na Detroit. Hapo mwanzo gari lilisimama mahali pamoja, mafundi wakalizunguka. Mwaka 1913 mambo yakageuzwa, gari likatembea na mtu akasimama. Walianza na magineto, kile kifaa cha kutoa cheche za kuwasha injini. Fundi mmoja alikuwa akiiunganisha nzima peke yake kwa dakika 20 hivi. Kazi hiyo ikagawanywa kwa watu 29, huyu anatia nati, yule anaikaza, na muda ukashuka hadi dakika 13. Mwaka uliofuata ukafika dakika 5. Kisha ikaja zamu ya gari lenyewe. Fremu ikavutwa kwa kamba, baadaye kwa mnyororo, na kazi ya saa 12 na nusu ikamalizika kwa dakika 93. Fikra yenyewe ilitokana kwa sehemu na machinjio ya Chicago, ambako mnyama alining'inizwa kwenye ndoano akapitishwa mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata kipande chake tu.

Sasa tuulize: zile saa 11 zilizookolewa zilikwenda kwa nani? Si kwa mfanyakazi. Ujira ulikuwa dola 2 na senti 34 kwa siku ya saa 9. Kilichobadilika ni kwamba mtu hakuweza tena kunyoosha mgongo, kwa kuwa mnyororo hausubiri. Nyapara wa shambani akigeuka upande wa pili, mchumaji chai aweza kuvuta pumzi mara moja. Mnyororo haugeuki.

Wenzetu wa Detroit walijibu kwa miguu yao. Mwaka 1913, ili apate watu wapatao 14,000 wa kudumu kazini, Ford alilazimika kuandika zaidi ya watu 52,000. Walikuwa wanaingia na kutoka kama maji katika tenga. Mwaka huo huo wahamasishaji wa chama cha IWW walikuwa wakihutubia wafanyakazi pale langoni. Ndipo tarehe 5 Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. Hatusemi jambo hilo lilikuwa dogo. Saa 8 zilikuwa saa 8 kweli, na wiki moja baadaye maelfu ya watu walifurika langoni wakitafuta kazi, wakafukuzwa kwa mipira ya maji katika baridi kali. Lakini huruma haiji baada ya watu 52,000. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyeona gharama.

Tena dola 5 hazikuwa mshahara. Mshahara ulikuwa ule ule wa zamani, na kilichozidi kiliitwa mgawo wa faida. Kukipata, ilibidi uchunguzwe na idara maalumu ya kampuni. Wachunguzi walikuja nyumbani kutazama kama pako safi, kama unakunywa pombe, kama unaweka akiba, kama mke uliye naye ni wa ndoa. Vijana wa chini ya miaka 22 wasio na jamaa wa kulisha hawakupata, na wanawake hapo mwanzo waliachwa nje. Sisi tulio katika nyumba za kampuni twajua ladha ya ukaguzi wa namna hiyo.

Ndugu wa mashambani nao wasidhani habari hii ni ya viwandani tu. Mwaka 1928 Ford alianzisha shamba la mpira katika msitu wa Brazili, akaliita Fordlândia. Akapeleka king'ora, saa ya kugongea kadi na mpango wake wa chakula. Desemba 1930, wafanyakazi walipoambiwa wapange foleni kuchukua chakula badala ya kuhudumiwa mezani, hasira iliyokuwa imejaa ikamwagika. Walivunja jumba la chakula na saa za kadi, mameneja wakakimbilia mtoni. Miti nayo ilishambuliwa na ugonjwa wa majani, na mwaka 1945 shamba likauzwa kwa serikali ya Brazili.

Na chama cha wafanyakazi? Hapo ndipo huruma ya tajiri hupimwa. Kampuni ya General Motors iliitambua UAW Februari 1937, baada ya wafanyakazi wa Flint kukalia viwanda kwa siku 44. Ford alikataa. Tarehe 26 Mei mwaka huo, Walter Reuther na wenzake waliokwenda kugawa karatasi za chama katika kiwanda cha River Rouge walipigwa na walinzi wa kampuni mbele ya wapiga picha. Ilibidi ungoje Aprili 1941, River Rouge iliposimama yote kwa mgomo. Juni ya mwaka huo Ford akatia sahihi mkataba, miaka 27 baada ya zile dola 5, na akakubali ada ya chama ikatwe moja kwa moja katika ofisi yake ya mishahara.