Bwawa la samaki, magugu ya ukingoni na afya ya mtoto

Familia inayochimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba huwa na hesabu mbili kichwani: kitoweo cha watoto na fedha ya ada. Vifaranga vya sato vinanunuliwa, vinalishwa, na miezi michache baadaye ukingo wa bwawa unaanza kuota majani. Mama akiuliza, baba anajibu, "Yaache, samaki watayala."

Mara nyingi hawayali. Wakati mwingine samaki hao hao ndio wanaoyastawisha. Na pale ukingoni, katikati ya majani, ndipo mtoto anaposhuka pekupeku na ndoo kuchota maji ya kumwagilia mchicha.

Samaki anavyolisha mimea

Samaki hutoa amonia mwilini, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua. Bakteria walioko kwenye maji na tope huigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, ambayo ni chakula cha mimea kama ilivyo mbolea ya shambani. Kinyesi cha samaki nacho, pamoja na pumba zisizoliwa zinazozama na kuoza, huongeza fosforasi. Kwa hiyo kila kopo la chakula linalomwagwa kupita kiasi, samaki wakaliacha, linarutubisha maji.

Mbolea hiyo hugombaniwa na mimea ya aina mbili. Wa kwanza ni mwani, vijimea vidogo vinavyoelea na kuyafanya maji yawe ya kijani. Wa pili ni magugu yenye mizizi, yanayoota kwenye tope. Maji yakiwa ya kijani na yenye kina, mwanga haufiki chini na magugu hushindwa kuota. Lakini ukingo ukiwa na kina kifupi, mwanga hufika hadi kwenye tope, na hapo magugu hushinda.

Wanaokula na wasiokula

Sato anayefugwa na wengi hula zaidi mwani, vijidudu na mabaki yaliyooza. Majani magumu ya ukingoni si chakula anachokikimbilia, hasa kama kila siku anapewa pumba. Perege mwenye tumbo jekundu ndiye anayekula majani ya majini kweli kweli. Nchini Misri, karpu anayekula majani ametumika kusafisha magugu kwenye mifereji ya umwagiliaji.

Karpu wa kawaida hufanya kazi kwa njia nyingine. Hufukua tope akitafuta chakula, akang'oa miche michanga na kuyachafua maji hadi mwanga unapungua. Mimea hufa, ingawa hakuila.

Mzazi asikimbilie kununua samaki mgeni kwa sababu hiyo. Samaki huyo akitoroka wakati wa mafuriko anaweza kuharibu mto au ziwa zima. Afisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza ni aina gani inaruhusiwa kufugwa katika eneo husika.

Kwa nini majani yamhusu mzazi

Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda majani ya majini. Hujificha humo, hula mwani na uozo ulioganda juu ya majani, na hutaga mayai yao hapo. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au karibu na maji, mayai ya vimelea huanguliwa, na vimelea huingia ndani ya konokono. Baadaye hutoka wakiwa wengi, hasa mchana wa jua, na kupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini. Mtoto hasikii chochote, au anajikuna kidogo tu jioni.

Nchini Senegal, watafiti waliondoa magugu kwenye sehemu ambazo wanakijiji huteka maji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba konokono walipungua na maambukizi ya kichocho cha tumbo kwa watoto wa shule yalikuwa madogo kuliko katika vijiji ambavyo magugu yaliachwa. Utafiti huo pia ulionyesha kuwa mbolea inayotoka mashambani hustawisha magugu hayo. Bwawa la nyumbani linalolishwa kupita kiasi hurutubika vivyo hivyo.

Mbu nao hunufaika. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, lakini ni pale tu anapoweza kuwafikia. Kwenye majani yaliyosongamana ukingoni, hapenyi.

Nini kifanyike

Ukingo uchimbwe uwe na mteremko mkali, na maji yawe na kina cha nusu mita au zaidi tangu pembeni, ili magugu yasipate pa kushika. Bwawa la namna hiyo liwekewe uzio, kwa maana mtoto mdogo huzama haraka na bila kelele.

Magugu yanayoota yang'olewe mapema na mtu mzima aliyevaa gambuti na glavu za mpira, yakatupwe mbali na maji. Samaki walishwe kiasi wanachomaliza kwa dakika chache.

Rangi ya maji ipimwe kwa kijiti kilichofungwa kifuniko cheupe cha kopo. Kikizamishwa na kupotea machoni kwenye sentimita 30 hivi, kijani kinatosha. Kikipotea mapema zaidi, chakula kipunguzwe, kwani mwani ukizidi hewa huisha usiku na alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji.

Choo kiwe mbali na bwawa, na kitumiwe na kila mtu. Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu bila mkojo au kinyesi cha mgonjwa kufika majini, konokono hana cha kusambaza. Watoto wasioge wala kucheza bwawani, na maji ya bustani yachotwe na mtu mzima aliyevaa gambuti.

Dalili za kuangalia ni mkojo wenye damu, maumivu ya tumbo, kinyesi chenye damu, na uchovu usioisha. Wapo wanaodhani mvulana anayekojoa damu amebalehe. Huyo anaumwa, na apelekwe kituo cha afya akapimwe mkojo na kinyesi. Dawa ya prazikwanteli hutibu, ila haimkingi asiambukizwe tena akirudi kwenye maji yale yale.

Ndiyo maana kumeza dawa shuleni na kung'oa magugu nyumbani ni kazi zinazokwenda pamoja. Sato ataendelea kunenepa hata ukingo ukiwa safi, na mtoto atamla akiwa mzima.