Miiko ya Kaya ni Fasihi Inayolinda Misitu

Itajwapo fasihi simulizi katika kumbi zetu za mihadhara, aghalabu fikra hukimbilia ngano, vitendawili na nyimbo. Miiko husahaulika, ilhali katika pwani ya Kenya ndiyo iliyohifadhi mimea ambayo huenda ingalikwisha kutoweka.

Mathalan, upo mti adimu ambao wanabotania huuita Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe. Nchini Kenya, mti huu humea katika misitu michache ya Kwale, ikiwemo Kaya Muhaka na kilima cha Mrima, ambayo ni mitakatifu kwa Wadigo. Kabla serikali haijaitangaza kuwa maeneo yanayolindwa, wazee wa kaya walikuwa wamekwisha kukataza ukataji wa miti humo.

Wapo watakaodai kwamba sheria ya leo yatosha. Kweli, sheria ina nguvu zake. Mrima una madini ya niobiamu na mengine adimu. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni iliyotaka kuyachimba, na mwaka 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likaitupa kesi ya kampuni hiyo. Hata hivyo, leseni iliyofutwa na waziri mmoja yaweza kutolewa na mwingine. Mwiko haufutwi kwa kalamu, bali hufa pale anapokosekana wa kuusema na wa kuusikiliza.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu kadhaa ya kaya za Wamijikenda katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila zinazofungamana na kaya hizo ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Kwa maoni yangu, wajibu huu ni wetu. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu na aende Kwale, akusanye miiko, majina ya mimea kwa Kidigo, na sababu wanazotoa wazee. Yaliyo siri ya kaya ayaache kwa wenyewe; anayoruhusiwa kuyaandika, nakala yake airejeshe kijijini isomwe na vijana.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Tukiiacha miiko hii ipotee, tutabaki kuutegemea uzio peke yake.