Methali ya Manahodha

Ipo methali moja niliyoichoka. Si kwamba ni mbaya. Wazee wa pwani walioitunga walikijua chombo na waliujua upepo. Niliowachoka ni wale wanaoitumia. Miaka kadhaa iliyopita, katika mkutano wa chama chetu cha ushirika, nilisimama kuuliza hesabu za mwaka. Mwenyekiti akatabasamu: "Mzee wangu, manahodha wengi, chombo huenda mrama." Watu wakacheka, nami nikaketi.

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nimelipata mbali: katika Visiwa vya Auckland, kusini ya New Zealand, mahali pa baridi, mvua na tufani, pasipokaa mtu.

Januari 3, 1864 merikebu ndogo iitwayo Grafton ilipanda mwamba huko. Walikuwamo watu 5: nahodha Thomas Musgrave, Mfaransa François Raynal, na mabaharia watatu, yaani Mnorwe, Mwingereza na Mreno. Mei mwaka uo huo meli nyingine, Invercauld, ikavunjika upande wa pili wa kisiwa kilekile. Kati ya watu wake 25, walifika nchi kavu 19. Kwa sababu ya milima na misitu iliyowatenga, makundi haya mawili hayakujuana. Wale 5 walipona wote. Wale 19, meli ilipopita na kuwachukua Mei 1865, walikuwa wamebaki 3.

Najua nitakavyojibiwa: bahati. Ni kweli, wala siifichi. Grafton ilikwama karibu na ufuko, ikawa ghala la mbao, vyuma na matanga. Walikuwa na bunduki, na walifika wakati wa kiangazi cha huko. Invercauld ilipasuka vipande usiku, baridi kali ikikaribia, na watu wake hawakuokoa ila biskuti na nyama kidogo. Lakini vyuma havijifui vyenyewe. Na bunduki ile ingeweza pia kuelekezwa kwa mwenzi.

Hao watano walifanya nini? Raynal alitoa shauri wachague mkuu, si bwana, bali kama baba wa nyumba, na wakiona hafai wamwondoe kwa kura. Wakaliandika patano hilo katika Biblia ya Musgrave, kisha wakamchagua yeye. Kupika kulikuwa kwa zamu, wiki kwa wiki. Jioni walifundishana kusoma na lugha, mwalimu wa leo akiwa mwanafunzi wa kesho. Walijenga nyumba, wakala nyama ya sili, wakatengeneza sabuni na mivuo ya kufulia chuma. (Raynal alitengeneza hata karata, kisha akaziharibu mwenyewe, maana Musgrave hakujua kushindwa. Mkuu ni mtu kama sisi.) Mwishowe waliipanua mashua ya meli, na Julai 1865 watatu wakavuka bahari ile kali kwa siku 5 hadi Kisiwa cha Stewart. Musgrave hakuishia hapo. Alipata chombo, akarudi kuwachukua wawili waliobaki.

Upande wa pili nahodha George Dalgarno alikuwa na cheo chake kamili. Hakuna aliyemchagua, wala aliyeweza kumwondoa. Watu wakatawanyika makundi makundi, wadhaifu wakaachwa nyuma, wakafa mmoja mmoja kwa njaa na baridi. Cheo hakikuvua samaki. Aliyehangaika kutafuta makome mwambani na kubuni njia ya kuishi alikuwa Robert Holding, baharia wa kawaida. Bila yeye sidhani kama hata huyo nahodha angepona.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti, sikukanushii methali yako. Grafton ilikuwa na nahodha mmoja tu, tena akatiiwa. Ila nahodha huyo alikaa pamoja na watu wanne walioweza kumwuliza neno, na kumshusha, kwa maandishi aliyoyakubali mwenyewe. Wewe umechukua nusu ya habari, ile inayokufaa.

Alipowarudia wenzake, Musgrave alikuta maiti ya mtu asiyemjua penye kibanda kibovu upande wa kaskazini wa kisiwa, akashangaa ametoka wapi.

Hesabu zetu, mpaka leo, sijaziona.