Usiseme "Huyo Aliisha"

Mkimwona aliyekuwa nyota wa televisheni utotoni sasa anafanya kazi ya ofisi, msimcheke. Labda kazi yake kubwa ndiyo inaanza.

Mtazameni Shirley Temple wa Marekani. Aliingia kwenye filamu akiwa na miaka 3, dunia ikampenda. Akiwa na miaka 22 akaacha sinema. Mwaka wa 1972 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, wakati wanawake wengi waliuficha ugonjwa huo. Yeye aliutangaza hadharani, akawasihi wenzake wasikae nyumbani kwa hofu. Mwaka wa 1974 akawa balozi wa nchi yake huku Afrika, Ghana, na mwaka wa 1989 akapelekwa Czechoslovakia.

Umaarufu ulimpa masikio ya watu. Alipokua, aliyatumia kuwaambia jambo la kuwafaa.

Nawe una wanaokusikiliza, hata wakiwa watano tu kwenye chama. Unawaambia nini? Na wewe dada uliyegusa uvimbe titini ukanyamaza kwa aibu, nenda ukapimwe wiki hii. Usiende peke yako, mwambie mmoja akusindikize.