Nyumba na Shamba: Kichaka Kilichobaki, Kifyekwe?



Mwezi huu nimeweka kando mambo ya jikoni kwa sababu ya barua moja kutoka Chato. Mama aliyeiandika ana shamba la ekari 5 pamoja na mumewe, la pamba na mahindi, na pembeni kimebaki kichaka cha kama ekari moja. Baba watoto anataka kukifyeka msimu huu: miti ichomwe mkaa wa kuuza Katoro, kisha palimwe pamba. Mama hataki, kwa kuwa kuni zake zote hutoka pale. Ameambiwa anyamaze, eti ardhi ni ya ukoo na yeye ni wa kuja. Anauliza kama kweli anyamaze.

Kwanza tumtendee haki baba watoto. Yeye si mvivu, wala si mpumbavu. Koo nyingi za Kisukuma zilizoko Chato zilitoka mashariki kutafuta ardhi mpya. Serikali ya kikoloni yenyewe ilisukuma jambo hilo, hasa kati ya 1947 na 1956, ilipoifungua Geita: vichaka vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, malambo yakachimbwa, na watu wakahamia na ng'ombe wao. Wengine wakasonga mbele hadi kwa Wazinza na Wasubi. Shamba likichoka, pori lilikuwa mbele. Mtoto aliyekulia katika maisha hayo huona kichaka kama shamba ambalo halijalimwa bado. Babu yake alifyeka akashiba, na baba yake vilevile.

Lakini leo mbele hakuna pori la kuhamia. Upande wa magharibi, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, yenye kilometa za mraba 4,707. Ziwani, kisiwa cha Rubondo chenye msitu mnene ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Mashariki ndiko walikotoka. Pori la mama huyu, basi, ni ile ekari moja.

Si Chato peke yake. Huko Brazil, katika msitu wa Amazon, wakulima wadogo nao hufyeka, hulima miaka michache, udongo ukichoka huwauzia wafugaji wakubwa na kusogea ndani zaidi. Sheria ya huko ya mwaka 2012 humtaka mwenye shamba katika msitu huo abakize asilimia 80 ya miti, ingawa kuisimamia ni kazi nyingine. Mwenye ekari 5 hawezi kuambiwa hivyo, watoto watalala njaa. Ila ekari moja katika 5 si jambo la ajabu.

Anayetaka kujua kichaka kikiisha inakuwaje, atazame Shinyanga. Miti ilikatwa kwa ajili ya mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba na kuni. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kipande cha malisho kinafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, ndama na maksai wale majani yaliyokauka. Operesheni Vijiji ya 1974 ilipowahamisha watu, ngitili nyingi ziliachwa bila mwenyewe. Ilipofika 1986 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu. Akina mama wa huko wanakumbuka kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba.

Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mabwana misitu walileta miche. Kilichofanikiwa zaidi ni kuirudia ngitili: visiki na mizizi vilikuwa bado hai ardhini, vikaachwa vichipue. Dagashida, yaani baraza la jadi, liliweka faini, na sungusungu wakalinda. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilizidi hekta 300,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuni, majani, dawa, asali na mboga za ngitili zilimpatia kila mtu thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Safari za kuni zilifupika kwa saa kadhaa. Nisiwapambie, hata hivyo: wenye mifugo mingi walipata ngitili kubwa, na wajane wengine walibaki kuomba kuni kwa jirani.

Sasa hesabu ya mkaa. Katika tanuru la udongo, kilo 5 hadi 10 za kuni hutoa kilo moja tu ya mkaa. Tena bila kibali cha uvunaji magunia hukamatwa njiani. Fedha yake itanunua sare na madaftari mara moja, lakini mama atatafuta kuni kila siku, na kuni zikiwa mbali ni binti anayechelewa shule. Najua serikali ina mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Mpaka mtungi wa gesi ujazwe kwa bei ya mkulima wa pamba, maharage yataivia kwenye kuni. (Uyaloweke usiku, mama, na kuni uzipasue zikauke.)

Kuhusu kunyamaza, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Hata hivyo sikushauri uanzie barazani. Ukimpeleka mzee wako huko kabla ya kuzungumza naye, utapata kichaka na kupoteza amani ya nyumba.

Zungumza naye jioni, akiwa ameshiba, pasipo rafiki zake. Usimwambie kuwa amekosea. Mwulize mtapata wapi kuni na nguzo za kukarabatia nyumba kiangazi kijacho, na vijana wenu wakioa watajenga kwa nini. Kisha mpe njia: akiwa na kibali avune miti michache iliyokomaa, wachimba dhahabu hununua matimba, ila visiki visingolewe wala moto usipitishwe. Kila kisiki kibakizwe machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yawe kuni. Mizinga miwili ya nyuki pia italeta fedha, na ya asali hurudi kila mwaka.

Umeandika pia kwamba mama mkwe huchimba dawa zake katika kichaka hicho. Anza na yeye. Neno la mama mzazi lina uzito ambao la mke halina, na pengine yeye ndiye anayekumbuka ngitili ya kwao. Mfanye hivyo mapema, mvua za Oktoba hazijakaribia, kwa maana shoka la kufyekea hunolewa Septemba.