Aliyemfuga Mama Asiwatupe Watoto

Mwaka jana mbwa wangu jike alizaa watoto sita katika banda la mbuzi, shambani kwangu Takaungu. Siku ya tatu akaja jirani yangu, mtu mwema asiyekosa sala ya jamaa, amebeba gunia tupu. Akanambia, "Mzee, nipe nikavitupe mbali. Hivi ni najisi, nawe una wajukuu." Nilimshukuru, nikamrudisha na gunia lake. Tangu siku hiyo nimeulizwa sababu mara nyingi, hata barazani baada ya Isha. Leo najibu.

Kwanza, alilolisema jirani nalikubali. Wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na humo mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Wala hatufugi mbwa kwa anasa. Ruhusa iliyopokewa katika Hadithi ni ya mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mimi nina mbuzi, na wezi wa usiku nawajua. Kwa hivyo mbwa wangu hulala bandani, haingii nyumbani.

Lakini najisi ni hukumu ya kujitahirisha, si ruhusa ya ukatili. Mtume (S.A.W.) ametuhadithia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye Mungu akamsamehe. Hakuambiwa kwamba yule alikuwa mbwa tu.

Nasema haya kwa kuwa gunia lile nimewahi kulibeba mwenyewe. Miaka mingi nyuma niliwachukua watoto wanne wa mbwa, umri wao wiki tatu, nikawatupa jaani. Mama yao alilia usiku tatu akizunguka uani. Mmoja alipona, akakulia takatakani, na mwaka uliofuata akamng'ata mtoto wa mtaani petu. Nilimjua kwa mguu wake mweupe. Baba wa mtoto alipita nyumba kwa nyumba akiuliza mbwa ni wa nani, nami nikanyamaza. Mtoto alidungwa sindano akapona, alhamdulillahi. Kimya changu bado kinaniuma.

Ndipo nilipofahamu kwamba gunia haliondoi uchafu, lauhamishia mlangoni kwa mwingine. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, na macho hufumbuka baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wiki mbili za kwanza hawezi kujipasha joto, na hata haja ndogo haitoki mpaka mama amrambe. Wiki ya nne huanza kula uji mwepesi. Kisha huja somo kubwa: aking'ata kwa nguvu, mama humkoromea au huondoka, na ndugu zake huacha kucheza naye. Hapo hujifunza kuzuia meno yake. Anayemtoa kabla ya wiki nane amemnyima somo hilo. Samaki mkunje angali mbichi, na mkunjaji wa kwanza ni mama.

Tena kuna kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishamtokea mtu ni nadra mno kupona. Takriban wote wanaoyapata duniani huyapata kwa mbwa. Serikali yetu ilianza mwaka 2014 mpango wa kuyakomesha ifikapo 2030, na wataalamu wasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maradhi hukatika. Nani atamchanja mbwa wa jaani asiye na mwenyewe?

Kazi yenyewe si kubwa. Nilitenga kikoi kikuukuu cha kuingilia bandani, sufuria ya mbwa peke yake, na ndoo ya mchanga safi kando ya bomba. Wajukuu walitazama kwa mbali. Dawa ya minyoo niliwapa tangu wiki ya pili, na walipotimiza miezi mitatu wakachanjwa. Mmoja alikufa, wanne wamechukuliwa na wenye mifugo, na mmoja nimebaki naye. Mama nimemfungisha uzazi kwa daktari wa mifugo.

Jirani yangu bado hakubaliani nami, na salamu zetu hazijapungua. Namwomba jambo moja tu, yeye na kila mwenye mbwa shambani: ukimhitaji mama usiku akulindie mbuzi, usimwendee asubuhi na gunia.